Imani, akili na fyugi: kilichobadilisha muziki wa Ulaya katika karne ya 18

Mwaka 1723, katika miji miwili ya Ujerumani iliyoachana kwa takriban kilomita 35, mambo mawili yalitokea kwa kupishana miezi michache tu. Leipzig, mwezi Juni, Johann Sebastian Bach alikabidhiwa rasmi kazi ya kuongoza muziki wa makanisa makuu ya mji na kufundisha katika shule ya Mtakatifu Thomas. Halle, mwezi Novemba, Profesa Christian Wolff alipewa saa 48 awe ameshaondoka katika ardhi ya Prusia, la sivyo angenyongwa. Kosa lake lilitokana na hotuba aliyoitoa mwaka 1721 kuhusu maadili ya Wachina: alisema binadamu anaweza kulitambua jema na baya kwa akili yake, hata kama hajafunuliwa Maandiko. Waliompelekea mfalme mashtaka walikuwa wanatheolojia wa Kipietisti, Waprotestanti waliotilia mkazo toba, sala na moyo uliowaka.

Historia ya muziki wa karne hiyo husimuliwa mara nyingi kama ugomvi wa pande mbili. Huku imani, Bach na muziki mzito wa kanisani. Kule akili, wanafalsafa na muziki mwepesi wa ikulu. Kisha akili ikashinda na Bach akasahauliwa. Simulizi hilo ni jepesi kukumbuka, ila halielezi kilichotokea. Wapietisti waliomfukuza mwanafalsafa ndio hao hao waliochoshwa na muziki mgumu kanisani. Muziki mgumu wenyewe ulisimama juu ya hesabu. Na wale waliodai kuusafisha muziki kwa jina la akili waliishia kutetea hisia. Fundo hili halifunguki mpaka tuangalie jinsi nota zenyewe zilivyopangwa.

Sauti nne, kila moja na safari yake

Mwanakwaya aliyezoea tenzi anajua sauti nne zinazotembea pamoja: soprano, alto, tena na besi hutamka neno moja kwa wakati mmoja, na soprano ndiyo inayobeba tuni. Baadhi ya tuni za Kijerumani zilizofika Kilimanjaro na Misheni ya Leipzig kuanzia 1893, zinazoimbwa hadi leo katika makanisa ya Kilutheri Tanzania, ndizo zilezile alizozipanga Bach kwa sauti nne.

Fyugi ni kitu kingine. Sauti moja huanza peke yake na tuni fupi iitwayo mada. Ikiimaliza, sauti ya pili huingia na mada ileile, lakini imepandishwa: iliyoanzia do sasa inaanzia so. Wakati huohuo sauti ya kwanza hainyamazi. Inaendelea na tuni nyingine inayopatana na mada. Sauti ya tatu inarudi kwenye do, ya nne kwenye so. Baada ya hapo mada huzunguka kwenye funguo mbalimbali, ikisikika mara juu, mara katikati, mara kwenye besi, hadi irudi nyumbani.

Kinachoharibika kwa urahisi ni uhuru wa sauti. Sauti mbili zikipanda au kushuka pamoja kwa umbali wa oktavo au wa do hadi so, sikio huzichanganya likaziona kama moja, na fyugi ya sauti nne inageuka ya sauti tatu bila mwandishi kukusudia. Ndiyo maana walimu wa zamani walilikataza jambo hilo kabisa. Zikipumzika zote mahali pamoja, mwendo unakatika. Nota inayogombana na nyingine lazima iandaliwe kabla, kisha ishuke hatua moja kwenda mahali pa amani. Mada yenye nusu-hatua nyingi mfululizo ndiyo ngumu kuliko zote, kwa sababu kila nusu-hatua inavuta upatanifu kuelekea ufunguo mwingine.

Watu wa wakati ule waliliona jambo hili kuwa la hesabu kwa maana halisi. Uzi ukikatwa katikati unatoa oktavo, yaani uwiano wa 2 kwa 1. Do na so ni 3 kwa 2, do na fa ni 4 kwa 3. Leibniz, mwanafalsafa aliyezaliwa Leipzig, aliandika katika barua ya 1712 kwamba muziki ni zoezi la siri la hesabu la roho isiyojua kwamba inahesabu. Waandishi wa Kilutheri kama Andreas Werckmeister, mpiga ogani, walikwenda mbali zaidi: uwiano huo ni alama ya Muumba aliyepanga vyote kwa kipimo, hesabu na uzito. Kwa hiyo katika fyugi imani na akili zilikuwa zimekaa meza moja tangu zamani.

Jumapili moja Leipzig

Ibada kuu ya Jumapili ilianza saa moja asubuhi na ilichukua takriban saa nne. Mahubiri peke yake yalikaribia saa nzima. Kantata ya Bach, yaani kazi ya waimbaji na ala ya dakika 20 hadi 30, iliwekwa kabla ya mahubiri, na kazi yake ilikuwa kuyafafanua masomo ya siku. Kwa maneno mengine, yalikuwa mahubiri yenye fidla na tarumbeta.

Tuchukue ile ya tarehe 30 Julai 1724, iliyojengwa juu ya tenzi inayosema Mungu asipokuwa upande wetu tumekwisha. Ndani yake mwimbaji wa tena anaiamuru akili inyamaze: nyamaza, ewe akili inayopepesuka! Ilikuwa haijapita hata mwaka mmoja tangu Wolff afukuzwe. Bach anaandika nyuzi zinazoyumba, lafudhi zikiangukia mahali pasipotarajiwa, ili msikilizaji aisikie akili ikikosa mguu wa kusimamia. Lakini kuyumba huko kumepimwa nota kwa nota. Kwa Mlutheri halikuwa jambo la kushangaza. Luther alikuwa ameipa akili heshima kubwa katika mambo ya dunia, iwe sheria, tiba au hesabu. Alichoikatalia ni kumwambia binadamu atakavyookolewa. Wimbo huo wa tena unaufuata mpaka huo sawasawa.

Bach mwenyewe aliacha ushahidi wa anavyofikiri pembezoni mwa Biblia yake yenye ufafanuzi wa Calov, mwanatheolojia wa Kilutheri. Kando ya 2 Mambo ya Nyakati 5:13, pale utukufu unapoijaza nyumba ya Bwana wakati waimbaji na wapiga vyombo wanapokuwa kama mtu mmoja, aliandika kwamba kwenye muziki wa ibada ya kweli Mungu yupo siku zote na neema yake.

Hali halisi ilikuwa na shida zake. Mwezi Agosti 1730 aliliandikia baraza la mji waraka wa malalamiko: kila kwaya inahitaji angalau waimbaji 12, afadhali 16, na ala zinahitaji watu 18 hadi 20. Kisha akawahesabu wanafunzi aliokuwa nao: 17 wanafaa, 20 bado, 17 hawafai kabisa. Fyugi ya sauti nne ikiimbwa na wavulana wasioweza kushika ufunguo inakuwa kelele, na naamini sehemu ya lawama zilizokuja kumwangukia Bach zilitokana na uimbaji kuliko uandishi. Shuleni nako upepo ulikuwa unageuka. Johann August Ernesti, aliyekuwa mkuu wa shule tangu 1734, alitaka wanafunzi wasome lugha za kale na sayansi, wasipoteze saa kwenye mazoezi ya muziki. Baadaye alijulikana kwa kufundisha kwamba maneno ya Agano Jipya yafasiriwe kwa kanuni zilezile za sarufi zinazotumika kwa kitabu kingine chochote. Mwaka 1736 yeye na Bach waligombana vikali kuhusu nani mwenye haki ya kuteua viranja wa kwaya.

Nani hasa aliutaka wepesi?

Tarehe 14 Mei 1737, Johann Adolph Scheibe, mkosoaji kijana wa Hamburg, alichapisha barua iliyomlenga Bach bila kumtaja jina. Alimsifu kwa vidole vyake, kisha akasema utunzi wake umepoteza uasilia kwa kuvimba na kuchanganyikiwa, na ustadi kupita kiasi umeufunika uzuri. Pia alilalamika kwamba sauti zote zinafanya kazi kwa pamoja, hata mtu hajui tuni kuu ni ipi. Scheibe alikuwa amejifunza kwa Gottsched, profesa wa Leipzig aliyetaka ushairi ufuate akili na asili. Mwezi Januari 1738 Johann Abraham Birnbaum, mwalimu wa balagha katika chuo kikuu cha Leipzig, akamjibu kwa niaba ya Bach: kazi ya sanaa ni kuikamilisha asili, na sauti nyingi zikifuata kanuni hazileti mkanganyiko.

Angalia vizuri: wote wawili wanadai akili. Kwa Scheibe, kilicho wazi mara moja kwa msikilizaji ndicho cha akili. Kwa Birnbaum, cha akili ni kile chenye mpangilio hata kama msikilizaji hajaufikia. Mwaka huohuo wa 1738 Lorenz Mizler, mfuasi wa falsafa ya Wolff, alianzisha jumuiya ya sayansi ya muziki, na Bach alijiunga mwezi Juni 1747 kama mwanachama wa 14. Watu wamejenga mengi juu ya namba hiyo, kwa kuwa B, A, C na H zikihesabiwa kwa nafasi zao katika alfabeti zinatoa 14. Binafsi ningekwenda taratibu hapo. Kilicho thabiti ni zawadi aliyowapelekea: vipande vya kanoni, ambamo sauti moja huifuata nyingine kwa tuni ileile, juu ya tenzi ya Luther ya Krismasi, vyenye hesabu kali kuliko karibu chochote alichokuwa ameandika.

Upande wa pili kuna waumini. Kitabu cha nyimbo cha Halle cha mwaka 1704, kilichohaririwa na Freylinghausen, kilichapisha tuni moja na besi yake tu. Nyimbo zake nyingi zilikwenda kwa mapigo matatu, na wanatheolojia wa Wittenberg walilalamika kwamba zinarukaruka kama ngoma. Wapietisti walitaka neno lieleweke na moyo uguswe, basi. Ukiuweka ukurasa wa kitabu hicho kando ya ukurasa wa muziki wa ikulu wa miaka 40 baadaye, sura inafanana: tuni juu, besi chini, katikati patupu. Wacha Mungu na wakosoaji wa Hamburg walifika kituo kimoja kwa njia tofauti.

Mtindo mpya ulivyofanya kazi

Mtindo huo uliitwa wa galanti. Katika fyugi ya Bach upatanifu hubadilika karibu kila pigo. Hapa mkusanyiko mmoja wa nota hukaa ubeti mzima (yaani kundi moja la mapigo kati ya mistari miwili ya nota) au miwili, ili sikio lipate nafasi ya kuifuata tuni. Tuni yenyewe imekatwa vipande vya beti mbili au nne, na kila kipande kinafika mahali pa kupumua. Besi hurudia nota moja mfululizo kama ngoma. Kwenye hapsikodi, kinanda cha nyuzi ambacho sauti yake hufa haraka, mkono wa kushoto huzivunja nota za mkusanyiko: ya chini, ya juu, ya kati, ya juu. Tuni hupambwa kwa nota inayoegemea, inayogombana kidogo kisha ikashuka kama mtu anayevuta pumzi kwa huzuni.

Udhaifu wake ni kuchosha. Ukiondoa mazungumzo ya sauti, lazima uweke kitu mahali pake, na kilichowekwa ni tofauti ya nguvu: pole, kwa nguvu, pole tena. Ndiyo sababu piano, yenye uwezo wa kufanya hivyo kwa mguso wa kidole, ilipata soko. Carl Philipp Emanuel Bach, mwana wa Johann Sebastian, aliandika mwaka 1753 kwamba mwanamuziki hawezi kumgusa mtu mwingine kama yeye mwenyewe hajaguswa.

Baba hakuwa amejifungia. Miaka ya 1740 aliichukua Stabat Mater ya Pergolesi, kazi ya 1736 iliyopendwa kote Ulaya kwa utamu wake wa galanti, akaivisha maneno ya Kijerumani ya Zaburi ya 51. Muziki wa Kikatoliki wa Napoli ukawa wa Kilutheri. Alichobadilisha kinamwonyesha alivyo: fidla ya kati, ambayo kwa Pergolesi mara nyingi inaifuata besi tu, aliipa njia yake mwenyewe.

Potsdam, 7 Mei 1747

Mfalme Friedrich II, aliyemrudisha Wolff Prusia mara tu alipotawala mwaka 1740, alikuwa na miaka 35. Alikuwa mpiga filimbi hodari, mwanafunzi wa Quantz, na mtu asiyejali mafundisho ya kanisa lolote. Emanuel Bach alikuwa akimsindikiza kwenye hapsikodi katika matamasha ya jioni. Jumapili hiyo Bach mzee, mwenye miaka 62, aliwasili. Gazeti la Berlin liliripoti siku nne baadaye kwamba mfalme mwenyewe aliikaribia piano, akapiga mada, na Bach akaitengenezea fyugi papo hapo.

Mada hiyo inaanza kwa heshima: do, mi ya chini, so, la ya chini. Halafu inaporomoka ghafla hadi ti, pengo baya kwa mwimbaji yeyote. Baada ya kimya kifupi inateremka kutoka so kwa nusu-hatua, moja baada ya nyingine. Ni mada ya mtindo wa zamani, yenye kila mtego nilioutaja hapo juu. Mfalme alipotaka fyugi ya sauti sita, Bach aliipiga juu ya mada yake mwenyewe, kwani si kila mada inabeba sauti sita bila maandalizi.

Akarudi Leipzig na kulipa deni. Tarehe 7 Julai aliweka sahihi kwenye waraka wa kumtunukia mfalme kazi iliyochapwa kwa bamba za shaba, nakala 100: fyugi mbili, ya sauti tatu na ya sita, kanoni kumi, na sonata ya filimbi, fidla na besi. Ya sauti sita imeandikwa mistari sita, lakini mikono miwili inaimudu, kwa sababu Bach amehakikisha sauti haziachani kuliko vidole vinavyoweza kufika. Katika kanoni moja tuni inapanda hatua nzima kila inaporudiwa, na pembeni Bach ameandika kwa Kilatini kwamba utukufu wa mfalme upande kama ufunguo unavyopanda. Baada ya mizunguko sita imefika pale ilipoanzia, oktavo moja juu. Zingine zimeandikwa sauti moja tu, na msomaji anatakiwa kugundua mwenyewe nyingine iingilie wapi. Maelekezo ni maneno ya Injili: tafuteni, nanyi mtaona. Na katika sonata, iliyoandikwa kwa chombo cha mfalme, mwendo wa tatu umejaa kuvuta pumzi kwa mtindo wa galanti, ilhali katika mwendo wa pili mada ya kifalme inapita kwenye besi. Sioni hapo dharau kwa mfalme, ingawa wapo wanaoiona. Naona mtu aliyejua lugha zote mbili na akataka zisikike pamoja.

Wanafalsafa nao walikuwa wamegawanyika

Mjini Paris mpasuko ulipita katikati ya wenye akili wenyewe. Jean-Philippe Rameau alionyesha mwaka 1722 kwamba do-mi-so, mi-so-do na so-do-mi ni mkusanyiko uleule uliogeuzwa, akajenga juu yake nadharia ambayo wanafunzi wa muziki wanaitumia hadi leo. Kwake upatanifu ulitangulia, na tuni ilizaliwa nao. Tarehe 1 Agosti 1752 kundi la Waitalia lilicheza opera ndogo ya Pergolesi, na mji ukagawanyika. Jean-Jacques Rousseau akaandika mwaka uliofuata kwamba tuni ndiyo roho ya muziki, na kwamba fyugi ni upumbavu mgumu. Mtu aliyefanya kazi ya muziki kwa njia ya sayansi alishambuliwa na Rousseau, mmoja wa waandishi wa Ensaiklopidia, kitabu kikubwa cha maarifa cha wanafalsafa wa Paris, kwa jina la asili na moyo.

Kwa Wakatoliki suala lilifika kwa amri. Mwaka 1749 Papa Benedikto XIV aliruhusu ogani na nyuzi ibadani, akakataza tarumbeta, filimbi na ngoma kwa kuwa ni za tamthilia, na akasisitiza maneno yasikike. Salzburg, kwa mujibu wa barua ya Mozart ya 1776, misa nzima ya sherehe haikutakiwa kuzidi robo tatu za saa. Kubana muda kuna gharama yake: katika misa fupi ya Joseph Haydn ya miaka hiyo, Gloria ina beti 31 tu, kwa sababu sauti nne zinaimba sentensi nne tofauti kwa wakati mmoja. Muda umeokolewa, maneno yamepotea. Mdogo wake Michael alikuja kuirefusha baadaye. Mwaka 1783 Kaizari Joseph II, mrekebishaji aliyetaka ibada iwe ya manufaa na inayoeleweka, alipunguza muziki wa ala katika makanisa ya Vienna. Kati ya 1782 na 1796 Haydn hakuandika misa hata moja.

Fyugi iliokolewa na mtumishi wa kaizari huyohuyo. Baron Gottfried van Swieten alikuwa balozi Berlin, na mwaka 1774 Friedrich alimwimbia kwa sauti mada aliyompa Bach miaka 27 nyuma. Van Swieten alibeba nota za Bach na Handel hadi Vienna, ambako alisimamia elimu na udhibiti wa vitabu. Kuanzia 1782 Mozart alikwenda kwake kila Jumapili saa sita mchana kuzipiga. Matokeo yapo katika opera yake ya filimbi ya kichawi ya 1791: kabla ya majaribu ya moto na maji, katika hadithi iliyojaa mawazo ya Mwangaza, yaani vuguvugu la karne hiyo la kuitegemea akili, watu wawili wenye silaha wanaimba tuni ya tenzi ya Luther ya 1524, nyuzi zikisuka fyugi chini yao. Mozart alikuwa Mkatoliki na Freemason.

Van Swieten ndiye pia aliyemwandalia Haydn maneno ya Uumbaji, uliosikika mara ya kwanza Vienna mwezi Aprili 1798. Teolojia yake si ile ya Leipzig ya 1724. Mungu ni fundi mwenye hekima, ulimwengu ni mwema, na Adamu na Hawa wanatuaga wakiwa bado na furaha. Anguko linadokezwa kwa onyo fupi tu. Akili haiamriwi kunyamaza, inaalikwa kutazama. Sehemu ya kwanza inaishia na Zaburi ya 19. Maneno "mbingu zauhubiri utukufu wa Mungu" yanaimbwa na kwaya nzima kwa pamoja, tuni wazi ambayo Scheibe angeielewa mara moja. Yanapofika maneno ya kazi ya mikono yake, sauti zinaachana, na fyugi inaingia, sauti moja baada ya nyingine.